Thumuni ya Picha

Mtu aliyezaliwa Unguja hapendi kufunzwa habari za televisheni, kwani kisiwa hiki kilikwisha kutazama picha za rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970, ilhali ndugu zetu wa Bara walisubiri mpaka 1994 ndipo stesheni za kwanza zilipoanza kurusha matangazo kutoka Dar es Salaam. Jambo hili nimewasimulia wageni mara nyingi, tena kwa sauti ya mtu aliyeifunga mitambo ile kwa mikono yake mwenyewe, hali zama hizo nilikuwa bado nabebwa mbelekoni. Fahari hiyo ndiyo iliyoniponza.

Nyumba yetu imo ndani ya Mji Mkongwe, katika kichochoro ambacho watu wawili wanene wakikutana lazima mmoja arudi nyuma ampishe mwenziwe. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kuliko urefu wa mkono wangu, na waliozijenga walikusudia zizuie joto na macho ya watu, wala haikuwapitikia kwamba iko siku mjukuu wao atataka kuzitoboa apitishe waya. Kwa hiyo waya wetu wa kebo haupiti ukutani. Hutoka nguzoni, ukavuka kichochoro pamoja na waya za majirani, ukapanda paani, ukateremka kwa upande wa uani, kisha ukaingia dirishani kama mwizi. Katika juma la mwisho la masika ndipo ulipoanza kutuletea chenga.

Neno hili lina baraka ya maana nyingi. Kuna chenga za mchele, ambazo mpishi huzipepeta akazitenga; kuna chenga ya mpira, ambayo mchezaji hupigwa akabaki amekumbatia hewa; na kuna chenga za runinga, zile punje nyeupe zinazotokota juu ya kioo mpaka zikafukia sura za watu. Jumamosi ya mechi ya Simba na Yanga nilijaaliwa hizi mbili za mwisho kwa pamoja: mtangazaji akapaza sauti kwamba kijana kapiga chenga, kapiga chenga ya pili, naye kipa yu peke yake, na mimi katika yote hayo nisione ila chenga. Kwamba bao limeingia nililijua kwa mayowe ya kichochoro kizima, ambayo yalinitia uchungu zaidi, kwa kuwa yalinithibitishia kwamba kwa wenzangu picha ilikuwa safi.

Mama mkwe, ambaye tunakaa naye na ambaye chumbani kwake ana runinga yake ndogo ya kutazamia tamthilia za Kituruki, alikuja na tasbihi mkononi, akasimama mlangoni, akatazama kwa utulivu.

"Kwangu afadhali, baba," akasema. "Watu nawaona mpaka puani. Hizi zako tungewapa kuku."

Mbele ya mkwe mtu hana budi kuonyesha kwamba ana ilimu, nami nikatoa hukumu papo hapo bila ya kumsikiliza shahidi yeyote: mkosa ni kunguru. Kunguru hawa wa Kihindi waliletwa kisiwani mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka za mji, na tangu hapo wamekula mayai ya ndege wengine, vifaranga na samaki walioanikwa, taka wakatuachia wenyewe. Asubuhi ile ile nilikuwa nimemwona mmoja ametua juu ya waya wetu, akiudonoa kwa ari ya seremala aliyelipwa kwa siku. Hukumu yangu niliipeleka mpaka barazani kwenye kahawa, wenzangu wakaipokea kwa staha, kisha kila mmoja akaleta yake. Mmoja alisema ni mvua. Wa pili alisema ni kampuni, na kwamba kampuni hufanya hivyo kila ada inapokaribia. Mzee mmoja, ambaye kumbukumbu zake ni za enzi ya antena juu ya mlingoti, alinishauri niende paani nikafunge sinia, kwani yeye kwa sinia ya shaba alikuwa akipata mpaka Mombasa. Nilijua fika kwamba kebo haina inachokitafuta angani, kila kitu chake kimo ndani ya waya. Walakini siku ya pili, mke wangu alipokwenda msibani, nilipanda na sinia. Niliyoyaona baada ya hapo hayana haja ya kuandikwa.

Fundi alifika siku ya tatu baada ya Alasiri, kijana mwembamba mwenye mkoba mdogo, mwenye adabu ya kunitisha. Nilimweleza habari za kunguru kwa urefu. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Sawa, mzee," kisha akachukua rimoti akazipitia stesheni moja baada ya moja bila ya kusema neno. Za mwanzo zilikuwa zimekufa kabisa. Kadiri alivyopanda juu ndivyo watu walivyozidi kuonekana.

"Waya ukiwa mrefu tu, au dhaifu, huanza kufa zile za juu," akasema. "Hapa zimekufa za chini. Pana mahali shaba ya kati imekatika, haigusani. Mawimbi yatetemayo kwa kasi huuruka ufa, yatetemayo taratibu hukwama."

Nikawaza watoto warukao mfereji kwa mbio, na mimi niliyebaki ng'ambo na viatu mkononi.

Akaomba kuufuata waya kuanzia dirishani. Chini ya ngazi akakikuta kile kisanduku cha kugawia ambacho mafundi wanakiita spilita. Njia moja yenda kwa mama mkwe, nyingine yaendelea. Hatua chache mbele akakuta cha pili, kiendacho kwa watoto. Nyuma ya kabati akakuta cha tatu, ambacho tawi lake liliishia katika chumba cha wageni, mahali ambapo runinga haijapata kuwapo. Vyote vitatu nilivifunga mimi, kwa kukwepa ada ya pili.

"Kila kimoja hugawa sawa kwa sawa," akanieleza, "na chenyewe hujichukulia kidogo."

Nimesoma mirathi chuoni, na hesabu ile ilinijia bila ya kalamu. Mama mkwe alikuwa anarithi nusu, watoto robo, chumba kitupu thumuni, na mimi mwenye nyumba, mlipa ada, thumuni kama mjane. Tena ile ni thumuni kabla ya ushuru wa visanduku.

"Lakini hii si kukatika," fundi akasema, akapanda paani.

Alishuka na kipande cha waya urefu wa shibiri mbili, chenye uvimbe katikati, akakiweka juu ya meza mbele ya nyumba nzima, maana mke wangu na watoto walikuwa wamekwisha kukusanyika. Kwanza akanionyesha ncha nzima namna ilivyo: akaichuna ngozi nyeusi kwa kisu, akazikunja nyuma nyuzi nyembamba zilizosukwa kama ukili, ikatokea karatasi ya fedha, ndani yake kiini cheupe, na katikati ya kiini uzi mmoja wa shaba mng'avu kama sindano mpya. Kisha akaufungua uvimbe. Palitoka kwanza maji. Ikafuata gamba la utepe lililokauka kwa jua. Chini yake shaba mbili zilizosokotwa kama kamba ya kufungia mbuzi, kijani kama embe changa kwa hewa ya chumvi, moja imekwisha kulika ikaachana na mwenziwe. Na juu ya hayo yote, kwa kuzuia mvua, palikuwa pamezungushwa ukanda wa kitambaa cheupe chenye mlia mwekundu.

Miaka mitatu nyuma mafundi wa bati waliukata waya, nami nikauunga mwenyewe jioni ile ile, nikajisifu, nikasahau. Mke wangu aliutazama mlia ule, akautazama msumari ninapoanikia vikoi vyangu, hakusema kitu. Mama mkwe akasogea, akaiinua miwani, akalishika lile fundo kwa vidole viwili akaligeuza huku na huku.

"Subhanallah," akasema. "Kunguru huyu anavaa kikoi."

Nikakumbuka kwamba Magharibi imekaribia, nikachukua kofia nikatoka. Msikitini nilimkuta mfagiaji peke yake, akaniuliza kama nimekuja kwa Alasiri niliyoikosa.