Shule ya Kata Yenye Maji Ghorofani

Madini ya fedha yaliyogunduliwa mwaka 1859 huko Virginia City, jimbo la Nevada, Marekani, yaliwapa wakazi jeuri ya kujenga. Mwaka 1876, majivu ya moto mkubwa wa mwaka uliotangulia yakiwa hayajasahaulika, wakasimamisha Shule ya Kata ya Nne: ghorofa nne, nafasi za wanafunzi zaidi ya 1,000, maji ya bomba hadi juu na vyoo vya kuvuta ndani. Naam, shule ya kata. Ila madini hayakuonyeshwa ramani ya jengo. Miaka ya 1880 yalikuwa yamepungua, na wachimbaji wakafungasha virago pamoja na watoto. Waliobaki walisoma kwa nafasi tele hadi 1936. Siku hizi ni makumbusho: anayeingia darasani hulipa kiingilio, mtihani hafanyi.