Prosesa Ndiyo Mchawi: Mwongozo kwa Mcheza Gemu Mwenye Laptopu Kuukuu

Gemu ikianza kukwama, mtafute wa kumlaumu kabla hujaitafuta sababu. Prosesa inafaa kuliko kitu kingine chochote: haionekani, haijitetei, na jina lake kila mtu kijiweni amelisikia. Ukisema ramu yako inapita njia moja badala ya mbili, washikaji watakuuliza kama umelala vizuri. Ukisema "i5 yangu imechoka, nataka i7," kila mmoja ataitikia kwa kichwa, na angalau wawili watakutajia fundi wao.

Mwongozo huu ni wa wenye laptopu zilizotumikia ofisi za Ulaya kabla ya kufika kwetu: HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad. Zilizaliwa kwa ajili ya Excel na barua pepe, zikamaliza utumishi wake, zikapakiwa kwenye kontena, na leo zinaamrishwa kuendesha GTA V juu ya godoro, chumbani Sinza, saa nane mchana. Zilistahili kustaafu. Wewe umeziongezea mkataba.

Jambo la kwanza: usisome herufi iliyo mwishoni mwa jina la prosesa. Herufi hiyo ina tabia mbaya ya kumaliza mjadala kabla haujanoga. Chukua i5-4300U na i5-4300M. Zote ni za mwaka 2013, zote za kizazi cha nne cha Intel, namba ni zile zile. Lakini ile yenye M, unayoikuta kwenye ThinkPad T440p, inakaa kwenye soketi na inachomoka. Ile yenye U, unayoikuta kwenye EliteBook 840 G1, imeshikizwa kwenye ubao kwa vitone 1168 vya risasi, wala haikutarajiwa kutoka humo hadi mwisho wa dunia. Kwenye i7 za kizazi hicho mambo ni hayo hayo: MQ hutoka, HQ haitoki. Na kuanzia kizazi cha tano Intel iliachana na soketi kwenye prosesa zake za laptopu, kwa hiyo mwenye i5-8250U anayeuliza kama inabadilika anauliza swali lililofungwa zamani.

Kama kwa bahati mbaya umeshaisoma na umekuta ni U, usikate tamaa. Nenda Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, ukaulize upya.

"Kaka, hii prosesa inabadilika?"

"Inabadilika, bosi wangu. Hakuna kisichobadilika."

Hajakudanganya. Anazungumzia kubadilisha ubao mzima, au kuing'oa prosesa kwa mashine ya joto na kuomba dua. Hukumuuliza anabadilishaje. Bei sikutajii, kwa sababu bei ya pale inategemea saa ngapi umefika, umevaa nini, na umetamka neno "i7" kwa hamu kiasi gani.

Sasa kuna jaribio ambalo nakusihi usilifanye. Fungua gemu inayokusumbua, ingia kwenye mipangilio ya picha, shusha ukubwa wa picha kutoka 1366 kwa 768 hadi 800 kwa 600, kisha cheza sehemu ile ile inayokwama. Prosesa hupiga hesabu za gemu: mpira umeelekea wapi, beki anakimbilia upande gani, gari la polisi limetokea kona ipi. Hesabu hizo hazipungui picha ikiwa ndogo. Kinachopungua ni kazi ya kupaka rangi nukta za kwenye kioo, na hiyo ni ya kitengo cha picha. Umekitoa kwenye nukta zaidi ya milioni moja ukakipeleka kwenye nukta 480,000. Gemu ikiwa nyepesi ghafla, mwenye kosa ni kitengo cha picha, na prosesa uliyoisema vibaya wiki nzima inastahili kuombwa radhi. Ikiendelea kukwama vile vile, basi hapo ndipo pa kuanza kuishuku.

Unaona ubaya wake? Jaribio halichukui hata dakika kumi, halina gharama, na linaweza kukuharibia mpango mzima. Achana nalo.

Tuseme herufi yako ni M na mashine yako ni T440p. Hongera, umo kwenye kundi dogo la watu wenye haki ya kuuliza swali hili. Unaweza kuitoa i5-4300M ukaweka i7-4700MQ. Viini vya kufanyia hesabu vitapanda kutoka viwili hadi vinne. Wati zitapanda kutoka 37 hadi 47. Na kitengo cha picha kilichomo ndani yake, ambacho ndicho kinachokuchorea kila nyasi ya uwanja, kitatoka kwenye Intel HD 4600 na kuwa Intel HD 4600. Ndiyo, umesoma sawasawa. Umelipia injini mpya na kioo cha mbele kimebaki na ufa wake ule ule.

Nitende haki lakini. Zipo gemu zinazodai viini vinne kweli. Rockstar walipoitoa GTA V kwenye kompyuta mwaka 2015, kima cha chini walichoandika ni Core 2 Quad Q6600, prosesa ya mwaka 2007. Ni kongwe kuliko laptopu yako, ila ina viini vinne. Kwenye gemu ya namna hiyo, yenye mji mzima wa magari na wapita njia, MQ itakupunguzia vigugumizi vya barabarani. Gemu nyingi za zamani, kwa upande mwingine, hutumia kiini kimoja au viwili tu. Huko viini vyako vipya vitakaa kibarazani vikitazama wenzao wakifanya kazi. Mimi kama ningekuwa sichezi GTA, nisingejisumbua. Lakini mwongozo huu haukuandikwa kwa ajili ya watu wenye kujizuia.

Halafu kuna suala la joto, na hapa uwe mwangalifu usije ukafungua mashine kabla ya kununua prosesa. T440p inafunguka kirahisi kupita kiasi: skrubu mbili chini, unautelezesha mfuniko, na kila kitu kiko hadharani. Utaiona feni. Ukiinyanyua, kati yake na zile bati nyembamba za kupozea utakuta ukanda wa vumbi la kijivu, mzito, wenye nywele za watu ambao hujawahi kuonana nao, pengine karani fulani wa Manchester. Ukilivuta kwa kibano linatoka zima, kipande kimoja. Chini ya bomba la shaba, ile pesti iliyopaswa kupeleka joto imekauka na inamong'onyoka ukiigusa kwa ukucha. Prosesa iliyofungiwa hivyo ikikaribia nyuzi 100 hupunguza mwendo wake yenyewe ili isiungue. Wewe unaita uzee. Ikisafishwa na kupakwa pesti mpya inaweza kurudi kwenye kasi yake, na hapo utabaki na hela mfukoni bila kisingizio. Weka mfuniko.

Ramu nayo isikushughulishe. Laptopu nyingi za mtumba huja na kipande kimoja cha GB 4 na sloti ya pili tupu. Kitengo cha picha cha Intel hakina kumbukumbu yake. Huazima kutoka kwenye ramu hiyo hiyo, na kwa vipande viwili vinavyolingana njia ya kuazimia huwa pana mara mbili. Ni badiliko la dakika tano ambalo mcheza gemu wa kitengo cha picha cha ndani analihisi waziwazi. Tatizo lake ni moja: hakuna aliyewahi kusifiwa kijiweni kwa kujaza sloti ya pili.

Sasa fedha. Kama bado unakula kwa baba, neno gemu lisitajwe. Sema AutoCAD. Ukiulizwa AutoCAD ni nini, sema ni ya masomo. Na unapomwambia unanunua prosesa mpya, ujue moyoni kwamba karibu kila i7-4700MQ iliyopo sokoni imechomolewa kwenye laptopu nyingine iliyokufa, na kwamba hata hiyo ni ya kizazi cha nne. Windows 11 inataka kizazi cha nane kwenda mbele, na Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Baba hahitaji kuyajua yote haya kwa siku moja.

Siku ya kazi yenyewe ni fupi. Toa betri. Fungua feni na bomba lake. Pembeni ya soketi kuna skrubu bapa. Izungushe nusu mzunguko na prosesa inalegea. Mpya ina pini zaidi ya 900 upande wa chini na alama ya pembetatu kwenye kona. Lenganisha kona na kona, iache ishuke kwa uzito wake, usiisukume. Pini moja ikipinda, utajifunza matumizi ya sindano ya kushonea ambayo bibi yako hakuyajua. Paka pesti, funga, washa. Tafuta na chaja ya wati 90, kwa sababu ile ya 65 sasa ina mlaji mkubwa zaidi wa kumlisha.

Piga picha ya mfumo ukionyesha neno i7, itume kwenye kundi la WhatsApp, pokea pongezi.

Kisha cheza. Baada ya siku chache utagundua kwamba nyasi zinachorwa kwa kasi ile ile, na ukichunguza utasoma kwamba baadhi ya T440p zilitoka kiwandani na kadi ya picha ya NVIDIA GeForce GT 730M. Yako haina. Kadi hiyo nayo imeshikizwa kwenye ubao, hivyo kuipata ni kununua ubao mwingine mzima pamoja na bomba lake la kupozea, ambalo ni tofauti. Uzuri ni kwamba i7 yako itaingia kwenye soketi ya ubao huo bila shida yoyote. Mwambie baba AutoCAD wametoa toleo jipya.