Namna ya Kumwandika Mfadhili wa Yatima

Umeanza riwaya. Sura ya kwanza umewazika wazazi, sura ya pili umemkabidhi mtoto kwa shangazi mkali, na sasa uko sura ya tatu, mtoto ana njaa na wewe umekwama. Unamhitaji mfadhili. Usimwite haraka. Wengi wetu humleta kwa gari la kifahari, moyo safi, pochi nene, akamsomesha mtoto mpaka chuo kikuu kisha akatoweka bila kudai chochote. Mtu huyo hana damu mwilini, na msomaji aliyewahi kusaidiwa atamtambua kwamba ni wa kubuni kabla hajashuka garini. Huu hapa mwongozo. Una utani kidogo, lakini kila agizo lililomo nalimaanisha.

Kwanza kabisa, mpe mfadhili wako njaa yake. Mtoto ana njaa ya ugali. Mfadhili naye lazima awe na kitu anachokitamani, na akione kwa huyo mtoto. Katika Great Expectations, iliyotoka kwa mfululizo mwaka 1860 na 1861, Charles Dickens anamwanzisha mfungwa mtoro, Abel Magwitch, anayelishwa kwenye vinamasi na mtoto Pip kwa chakula kilichoibwa kabatini mwa dada yake. Magwitch anapelekwa New South Wales, anatajirika kwa kufuga kondoo, na kwa miaka mingi anatuma fedha kwa siri ili Pip awe muungwana wa London. Ni shukrani? Ndiyo, tena ya kweli. Lakini Magwitch anawakumbuka pia walowezi waliompita juu ya farasi wao wa thamani wakamwachia vumbi, na kila walipompita alijiliwaza kwamba yeye anaye muungwana wake mwenyewe, aliyemtengeneza kwa fedha yake.

Usiku anaporudi, tazama mikono yake. Anaichomoa saa ya Pip mfukoni, anaigeuza pete iliyo kidoleni mwa kijana, anasifu nguo zake, anataka asomewe kwa sauti vitabu vya lugha za kigeni ambavyo hataelewa hata neno. Pip anasisimkwa kwa karaha, kwa sababu anakaguliwa kama mali iliyokwisha lipiwa. Na mkaguzi huyo ndiye huyo huyo aliyevuka bahari kuja kumwona huku akijua kwamba kukamatwa Uingereza kwake ni kunyongwa. Upendo na kisasi vinaishi kifua kimoja, na Dickens hakujaribu kuvitenganisha. Nawe usijaribu.

Agizo linalofuata ni la kihasibu: onyesha fedha inatoka mfuko wa nani na sifa inakwenda kwa nani. Jane Austen alilimaliza somo hili mwaka 1814 katika Mansfield Park. Bi Norris ndiye anayetoa wazo la kumchukua Fanny Price, mtoto wa ndugu yake maskini mwenye watoto wengi. Anahutubia, anasisitiza, anamshawishi shemeji yake Sir Thomas Bertram mpaka anakubali. Sir Thomas anadhani mtoto atakaa kwa Bi Norris. Haiwezekani, mume wangu mgonjwa, anasema Bi Norris. Mume anapofariki, napo haiwezekani, maana chumba cha ziada ni cha rafiki atakayekuja kutembea. Basi Sir Thomas analisha, Sir Thomas anavisha, na Bi Norris anabaki na heshima ya kuwa mwenye huruma katika ukoo, pamoja na haki ya kumkumbusha Fanny kila siku kwamba yeye ndiye wa chini na wa mwisho. Kwetu tuna jina la kazi hiyo: masimango. Kama riwaya yako ina mfadhili na haina hata simango moja, rudi ukaisome upya.

Sasa tufike kwenye jina la mtoto, na hapa naomba tukae kidogo.

London ilikuwa na kituo cha kulelea watoto walioachwa, Foundling Hospital, kilichopewa hati ya kifalme mwaka 1739 kwa juhudi za nahodha Thomas Coram. Mtoto alipopokelewa alipewa jina jipya. Jumapili, watu wenye uwezo walikwenda kanisani hapo kusikiliza watoto wakiimba, na muziki ulisaidia kuchangisha. Mtunzi Handel mwenyewe aliwapigia Messiah yake. Dickens alipokuwa kijana aliishi jirani na alilipia kiti katika kanisa hilo. Alijua anachokizungumzia alipoandika Little Dorrit, kati ya mwaka 1855 na 1857.

Humo yumo Bwana Meagles, mzee mchangamfu, mkarimu, anayejisifu kwamba yeye na mkewe ni watu wa vitendo. Siku moja wanakwenda kusikiliza muziki kanisani hapo. Mke anawatazama watoto wamepangwa safu juu ya safu, anawafikiria mama zao, anatokwa machozi. Meagles anapata wazo la vitendo: tumchukue mmoja awe mtumishi mdogo wa binti yetu. Soma tena sentensi hiyo. Inaanza na machozi ya mama na kuishia na mtumishi, na Meagles haoni kiraka popote. Mtoto aliitwa Harriet Beadle, jina alilopewa na kituo. Wanalikata, wanalichezea, linageuka Tatty, kisha wanaongezea jina la mwanzilishi wa kituo kwa heshima, na tangu hapo binti anaitwa Tattycoram. Kila anayemwita anatangaza alikotoka. Akikasirika, Meagles anamwambia ahesabu mpaka ishirini na tano.

Dickens anatuonyesha anachoficha binti huyo. Akiwa peke yake chumbani analia na kujifinya shingo mpaka inakuwa nyekundu, anawalaani mabwana zake kwa kumwacha na njaa na uchovu wasimjali. Muda mfupi baadaye anageuza maneno: ni watu wema kwangu, hasira zangu ndizo mbaya. Kauli zote mbili ni za kweli. Huo ndio ukurasa ninaotaka kila mwandishi wetu ausome kabla ya kumwandika yatima mwenye shukrani, kwa sababu mtoto anayelelewa kwa hisani hujifunza mapema kujikaripia mwenyewe kabla hajakaripiwa. Siku uvumilivu unapomwishia, Meagles anamsihi ahesabu, naye anaanza, lakini ishirini na tano haifiki. Anasema waziwazi kwamba hawakuwa na haki ya kumpachika jina kama anavyopachikwa mbwa au paka. Kisha anaondoka.

Mwisho wa kitabu anarudi akiomba msamaha, yuko tayari kuhesabu hata elfu ishirini na tano, na Meagles anampa mawaidha juu ya wajibu. Nampenda Dickens, lakini hapo aliogopa. Alikuwa amemfungulia mtoto mlango, akaona upepo unaoingia ni mkali, akaufunga.

Kwa hiyo agizo langu kubwa kuliko yote ni hili: mpe mtoto nafasi ya kusema hapana, umwache mfadhili ajibu. Usimuulize mfadhili nia yake. Atakudanganya, au hata yeye mwenyewe haijui. Mkatalie jambo moja, uone kinachotoka. Turudi kwa Fanny. Amekua, ana miaka kumi na minane, na kijana tajiri, Henry Crawford, anataka kumwoa. Sir Thomas anapanda ghorofani kumletea habari njema, anaingia katika chumba baridi anachokaa binti, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo anagundua kwamba hakuna moto. Bi Norris aliagiza usiwashwe. Fanny anamkataa Crawford. Sir Thomas, mtu mwenye heshima zake, anamshambulia: mkaidi, mbinafsi, asiye na shukrani. Angekuwa anaongea Kiswahili angesema fadhila za punda ni mateke. Binti analia. Anaporudi kutoka kutembea bustanini anakuta moto unawaka katika chumba chake, na umeagizwa na Sir Thomas huyo huyo, siku ile ile. Baadaye anamrudisha kwao Portsmouth akaonje umaskini, apate akili za kumkubali mchumba. Moto na adhabu vimetoka mkono mmoja. Sijui mwandishi aliyeupita ukurasa huo kwa kueleza fadhila.

Usidhani kwamba nakuagiza uwachome wafadhili wako wote. Nia iliyochanganyika inaweza kuokoa mtoto, na ukilificha hilo utakuwa umedanganya kwa upande wa pili. Wakili Jaggers, katika kitabu kile kile cha Pip, ni mtu baridi anayenawa mikono kila anapomaliza kuongea na mteja. Ndiye aliyempeleka mtoto Estella kwa Bi Havisham, na mama wa mtoto akamweka nyumbani kwake kama mtumishi. Mbona alifanya hivyo? Kazi yake ilimwonyesha watoto kwa makundi wakifikishwa mahakamani, wakifungwa, wakikuzwa kwa ajili ya kitanzi, akaona huyu mmoja anaweza kuokolewa. Alimwokoa na kitanzi, akamkabidhi kwa mwanamke aliyemlea awe silaha ya kuvunjia mioyo ya wanaume. Au wachukue Matthew na Marilla Cuthbert katika Anne of Green Gables ya L. M. Montgomery, ya mwaka 1908. Ndugu hao wa Kanada hawakutaka mtoto wa kumpenda, walitaka mvulana wa kusaidia shambani. Kwa makosa wakaletewa msichana. Marilla anauliza huyu atatufaa nini, na Matthew, mtu asiyesema sana, anageuza swali: pengine sisi tutamfaa yeye. Nyumba nzima inabadilika kuanzia hapo, na haja ya mkono wa shambani inatafutiwa mtu mwingine.

Nasi tuliko, mali ghafi haijapungua. Boi, riwaya ya Ferdinand Oyono wa Kameruni iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 1956 na kusomwa kwa Kiswahili kwa jina hilo, inatupa padri Gilbert, aliyewatupia watoto vipande vya sukari kijijini, akamchukua Toundi, akamfundisha kusoma na kuandika, na kumwonyesha kwa wageni wa kizungu kama kazi ya mikono yake. Toundi anatandika kitanda, anafagia, anatumikia misa, halipwi. Na Toundi anampenda kama baba. Ukiandika Dar es Salaam au Mombasa unaye pia binti aliyeletwa kutoka kijijini kwa ahadi kwamba atasomeshwa, akafika akakuta mtoto mchanga wa kubeba na ndoo za kujaza, na shule ikawa ya Januari ijayo, kila mwaka Januari ijayo. Unao wageni wa kituo cha yatima wenye sukari, sabuni na mafuta ya kupikia, ambao kabla ya kupakua wanauliza mpiga picha amesimama wapi. Watoto wanapangwa, wafupi mbele. Mwandike mgeni huyo, na umwandike vizuri: pengine naye alikulia kwenye kituo, pengine uchaguzi uko karibu, pengine yote mawili. Kisha mwandike mtoto wa mstari wa pili anayekataa kutabasamu, na umfuate baada ya magari kuondoka. Mlezi atamwambia nini? Wenzake watamfanyia nini kama msaada hautarudi?

Kama una muswada wenye yatima, ufungue leo kwenye ukurasa ambao mtoto anapiga magoti kushukuru. Ufute. Mwache mtoto aseme anachotaka kusema, hata kama ni kuomba aitwe kwa jina alilopewa na mama yake.