Nukta Mbili na Tani 15 za Hewa

Miongoni mwa fedheha zinazoweza kumpata fundi mbele ya mteja wake, ile inayoletwa na kipande chenye upana wa sentimita tatu ndiyo isiyo na utetezi, kwa kuwa fundi aliyeshindwa na kabati zima huonewa huruma, ilhali aliyeshindwa na nukta ya herufi i huchekwa. Nukta inayozungumziwa hapa ni ile inayokatwa kwenye ubao wa MDF kwa mashine ya CNC, yaani ruta inayoongozwa na kompyuta, ambayo kisu chake huweza kuzunguka mara 18,000 kwa dakika huku kikifuata mchoro kwa usahihi usiofikiwa na mkono. Tangu mashine ya kusaga chuma inayoongozwa kwa namba ilipoonyeshwa katika taasisi ya MIT, Marekani, mwaka 1952, sifa kuu ya jamii hii ya mashine imekuwa utiifu. Kasoro ambayo wauzaji hawaitaji ni kwamba mashine ya kawaida haijui kama kinachokatwa bado kipo: nukta ikishang'oka, kisu huendelea kuizunguka nafasi yake tupu, kwa heshima zote, hadi mstari wa mwisho wa programu.

Ubao mzima, ambao kwa kawaida huwa wa milimita 1,220 kwa 2,440, katika karakana zenye pampu hushikwa kwa ombwe, yaani hewa iliyo chini yake hunyonywa, na hewa ya juu, ikiwa haina tena wa kushindana naye, huukandamiza ubao mezani. Jambo hili halistahili kupitwa haraka. Katika usawa wa bahari, hewa huelemea kila sentimita ya mraba kwa uzito wa takriban kilo 1, hivyo pampu ikifaulu kuondoa nusu tu ya hewa ya chini, kila sentimita ya mraba hukandamizwa kwa nusu kilo. Na kwa kuwa ubao mzima una zaidi ya sentimita za mraba 29,000, hubanwa kwa karibu tani 15, bila kuguswa na kitu chochote kinachoonekana. La ajabu zaidi ni kwamba kati ya ubao huo na meza hutandikwa ubao mwingine wa MDF, unaoweza kuitwa ubao wa kafara kwa sababu kisu huruhusiwa kuuchanja, na hewa hunyonywa kupitia humo humo ndani, maana MDF, ambayo ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa pamoja na gundi, hupitisha hewa, mradi nyuso zake ngumu zimeparwa kwanza.

Hesabu hiyo ikihamishiwa kwenye nukta yenye kipenyo cha milimita 30, tani 15 hugeuka kilo tatu na nusu. Hizo nazo hukandamiza kutoka juu, ilhali kisu husukuma kutoka ubavuni, ambako kinachozuia ni msuguano tu, na msuguano ni sehemu ndogo ya kilo hizo. Aidha, mfereji unaochimbwa na kisu kuizunguka nukta ndio mlango wa hewa kuingilia, hivyo ombwe hupungua wakati uleule linapohitajika kuliko wakati mwingine wowote.

Katika karakana moja ya Dar es Salaam, neno karibuni, lililoagizwa kwa herufi ndogo kwa ajili ya lango la ukumbi wa harusi, lilikatwa huku mwenye ukumbi akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, soda mkono mmoja na simu ya kurekodia mkono wa pili. Herufi k, a na r zilitoka salama. Nukta ya i ilipobakiza unene wa milimita moja, iliachia upande mmoja, ikajigeuza kidogo, ikakabwa kati ya kisu na ukingo wa ubao, ikang'atwa, kisha ikaruka juu ya makopo ya rangi, ikagonga bati la ukuta na kutua kwenye maranda, ikiwa na umbo la korosho.

"Fundi, hicho kilichoruka ni changu?" aliuliza mteja, bila kushusha simu.

"Kipo kingine, mama," alijibu fundi, akimaanisha nukta ya i ya pili.

Hiyo ya pili, iliyokatwa mbele ya karakana nzima iliyokwisha kuacha kazi zake ili itazame, iliruka kuelekea upande uleule, jambo ambalo kisayansi lilitarajiwa kabisa, kwa kuwa kisu nacho kilikuwa kikizunguka upande uleule. Video ilifika kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya harusi kabla mota haijapoa.

Dawa zipo. Kisu ambacho mikunjo yake hupandisha maranda juu huinua na nukta pia, ilhali kile cha mikunjo ya kushusha huikandamiza, ingawa huujaza mfereji vumbi. Vipande vidogo hukatwa kwanza, ubao ukiwa bado mzima, lakini programu ikiachwa ijipangie hutazama zaidi ufupi wa safari ya kisu kuliko udhaifu wa nukta. Huweza pia kuachwa vidaraja, yaani vipande vyembamba vya mbao visivyokatwa, vinavyoiunganisha nukta na ubao wake hadi viondolewe kwa patasi na msasa. Njia ya kuaminika kuliko zote, na yenye kuishushia hadhi mashine ya mamilioni, ni maskintepu mbili: moja hubandikwa chini ya ubao, nyingine juu ya ubao wa kafara, kisha supagluu hutiwa kati ya migongo yake. Gundi hiyo haishiki kwa kupoteza maji bali kwa kuyapata, kwani unyevu mdogo ulio hewani na juu ya vitu ndio unaoigandisha, na hewa ya Dar es Salaam haina ubahili wa unyevu.

Misiba mingine ya nukta ipo: ile ya akriliki, yaani plastiki ngumu, iliyoyeyuka na kugandia kwenye kisu haihitaji maelezo. Wala ile iliyomezwa na bomba la kunyonya vumbi.

Bei ya herufi hupangwa kwa urefu wake, na nukta, inayokula muda kuliko k nzima, huhesabiwa bure. Tangazo la mashine, ambalo huonyesha mlango wa kabati kwa kuwa mlango hauruki, husema kwamba mashine hujiendesha yenyewe. Mwanagenzi anayeagizwa kuishikilia nukta kwa kijiti, shibiri moja kutoka kwenye kisu, hayumo katika tangazo, hayumo katika bei, na siku akikatwa kidole itasemwa kwamba hakuwa makini. Hilo halichekeshi, na anayeliagiza hushika kalamu, si kijiti.

Karakana iliyotajwa sasa humshauri kila mteja achague herufi kubwa, ambazo I yake haina nukta, na ushauri huo hutolewa kama suala la umaridadi. Mama mwenye ukumbi, aliporudi kuagiza maneno bibi na bwana harusi, aliyasikiliza maelezo yote ya umaridadi hadi mwisho, akasisitiza herufi ndogo, kisha akauliza zitakatwa saa ngapi.