Ya Kale ni Tofali

Wahenga walisema ya kale ni dhahabu. Wenzetu wa Indianapolis, Marekani, wao walisikia tofali.

Mwaka 1909 walijenga uwanja wa mbio za magari, wakamwaga kokoto na lami. Magari yakaifumua njia, watu wakafa, na kabla mwaka haujaisha wakaitandika upya kwa matofali zaidi ya milioni 3. Leo lami imerudi juu, na matofali yaliyoachwa wazi ni ukanda mmoja wa upana wa yadi moja, penye mstari wa kumalizia. Ukanda huo ndio unaobusiwa. Tangu Dale Jarrett aanzishe mtindo huo mwaka 1996, bingwa hupiga magoti, akainama, akalibusu tofali lililosuguliwa na matairi kutwa nzima. Mafundi wake nao hufuata, midomo tayari. Mke, kama yupo, angoje zamu.

Matofali hayo yana kisa kingine pia, cha dereva Ray Harroun na kioo chake. Mwaka 1911 alishinda mbio za kwanza za maili 500 pale pale. Wenzake walipakia fundi wa kuwatazamia nyuma. Yeye alikuwa peke yake. Wakalalamika kwamba ni hatari. Akafunga kioo cha kutazamia nyuma, mambo yakaisha. Miaka mingi baadaye akakiri mwenyewe: juu ya matofali yale kioo kilitetemeka mno, hakuona kitu.

Gari lake la njano, Marmon Wasp, limewekwa makumbusho. Kioo nacho kimo, kimetulia.