Sifa za Ekseli Iliyopinda

Kilichonyooka kimesifiwa vya kutosha. Husifiwa mtu mnyoofu, husifiwa mstari, husifiwa hata suruali iliyopigwa pasi. Ekseli iliyopinda, iliyojilaza chini ya trela la kambi lililoundiwa uani, haijapata hata siku moja mtu wa kuisimamia barazani. Inatukanwa na mwenye trela, inatukanwa na fundi, na mke wa mwenye trela huitaja kila mara pesa zinapoulizwa zimekwenda wapi. Leo mimi ni wakili wake, tena bila malipo.

Tuanze na nasaba, maana mtukufu hutambulishwa kwa ukoo. Kwa Nairobi, safari yake huanzia Grogan. Barabara yenyewe siku hizi inaitwa Kirinyaga, lakini wauza vipuri na mafundi bado huliita eneo lile kwa jina la Ewart Grogan, Mwingereza aliyekamilisha safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo mwaka 1900, sehemu kubwa kwa miguu. Mtu aliyepata umaarufu kwa kutembea, leo jina lake limeachiwa watu wanaoishi kwa kuuza vya kuendeshea. Huko ndiko pikapu iliyomaliza maisha yake hugawanywa kama urithi: injini huku, milango kule, na hab mbili za magurudumu zikaangukia mikononi mwa mwananchi aliyechoka kulipia vyumba vya hoteli na anayetaka kulala Tsavo katika chombo chake mwenyewe. Hab hupelekwa kwa mafundi wa jua kali, zikachomelewa kwenye ncha mbili za bomba nene la chuma, na ekseli ikazaliwa.

Imezaliwa imenyooka, tusidanganyane. Samaki mkunje angali mbichi, na chuma hukunjwa kingali moto. Kikipashwa hutanuka, kikipoa hujikunyata, na panapojikunyata zaidi ni pale penye mshono. Bomba lililokuwa sawasawa saa nne asubuhi huwekewa vikalio vya springi, vyote upande mmoja, kwa mshono mrefu usiopumzika kwa sababu umeme unaweza kukatika wakati wowote. Ikifika saa sita limekwisha kuvuta ncha zake kuelekea mshono ulipo. Hakuna aliyeligonga nyundo. Limepinda kwa milimita tatu au nne ambazo jicho la mwenye trela, aliyekwisha kununua nyama ya kuchoma ya kusherehekea, haliwezi kuziona.

Sasa sifa zenyewe. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na trela hili hujitembeza kwelikweli, tena kwa ubavu. Ekseli isipokaa mraba na mlingoti wa kuvutia, yaani gurudumu moja likawa mbele ya mwenzake kwa sentimita moja au mbili, trela hufuata gari mwendo wa kaa. Anayekuja nyuma huona ubavu ambao hakupaswa kuuona. Matatu isiyompisha mtu yeyote, ambulensi ikiwemo, hupunguza mwendo, ikatafakari, ikakaa mbali. Sijui chombo kingine kilichowahi kupewa heshima hiyo kwenye barabara ya Mombasa.

Na hapa mteja wangu anastahili shukrani ambayo wengi humnyima: kukaa upande kwa namna hiyo, kwa trela la ekseli moja, hakuli tairi sana. Magurudumu yote mawili bado yanaelekea njia moja. Yamekubaliana kwenda mshazari na yanakwenda. Ni sanduku lililo juu yake ndilo lililogeuka kidogo. Ni mpaka pawe na ekseli ya pili isiyokubaliana na ya kwanza ndipo mpira huanza kulia.

Mlaji hasa ni ekseli ambayo magurudumu yake yanatazamana kwa mbele, au yamepeana kisogo. Tupige hesabu, kwa kuwa ukarimu wake haufahamiki bila hesabu. Gurudumu lililoelekezwa digrii 1 tu nje ya njia yake huburutwa kando kama sentimita 1.7 katika kila mita, yaani mita 17 hivi kwa kilomita. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni kilomita 480 hivi. Kwa hiyo mwenye trela hufika Pwani akiwa amekwenda kilomita 480 mbele na, bila nauli ya ziada, kilomita 8 pembeni, zote juu ya mpira wake mwenyewe. Nani mwingine husafirishwa njia mbili kwa safari moja? Na digrii hiyo si kitu cha kutisha ukiitazama. Kwa tairi lenye kimo cha sentimita 70, ni tofauti ya milimita 12 kati ya ukingo wake wa mbele na ule wa nyuma. Kwa milimita hizo chache muuza matairi amesomesha watoto, mziba pancha wa Mtito Andei amenunua kompresa mpya, na kituo cha mafuta kimepata chake, maana trela linaloburutwa linataka petroli zaidi ya trela linalobiringika.

Lakini sifa ninayoipenda kuliko zote ni kwamba ekseli iliyopinda haijui kusema uongo. Muuza vipuri atakuapia, fundi atakuapia. Ekseli huandika, na huandika kwenye tairi, mahali ambapo asiye na miwani pia husoma kwa kiganja. Pitisha mkono juu ya mpira kutoka nje kwenda ndani, kisha urudishe. Ukiona huku ni laini na kule kunakwaruza, magurudumu hayo yanatazamana au yamepeana kisogo. Ukingo wa ndani ukiisha peke yake, magurudumu yamelalia ndani kwa juu: ama mzigo umezidi, ama ekseli imefungwa kichwa chini. Ekseli nyingi za trela za kiwandani hupewa upinde mdogo wa kupanda katikati, kwa makusudi, ili mzigo ukija uinyooshe. Mnunuzi wa mtumba huuona upinde ule, akadhani ni kasoro, akaigeuza ili apate nafasi ya kupitisha bomba la maji. Kuanzia hapo kila gunia la makaa linaongeza pale pale palipokwisha pinda.

Kwa kuwa nimekuwa wakili, niseme pia kwamba mteja wangu hulaumiwa kwa makosa ya wengine. Tairi likiisha kingo zote mbili na kubaki katikati, upepo ulikuwa mdogo. Likiisha katikati, upepo ulizidi. Na trela likianza kutikisa mkia ukifika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kabla hujashika spana, muulize mwenyewe tangi lake la maji liko wapi. Lita 200 ni kilo 200, na akiziweka nyuma ya magurudumu, mlingoti huwa mwepesi kiasi cha mtu kuuinua kwa mkono mmoja akijisifu. Shingo ya trela inatakiwa ibebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Ikibeba pungufu ya hapo, hata ekseli iliyonyooka kama sala haitakuokoa.

Hazina hii yote ina adui mmoja, na la kusikitisha ni kwamba hana hata mashine. Ni fundi mtu mzima, mpole, mwenye timazi ya mwashi, futi, kipande cha chaki na sakafu ya saruji iliyo sawa. Huliweka trela likiwa limekaa usawa wake wa kawaida, huteremsha timazi kutoka katikati ya kile kikombe kinachokaa juu ya mpira wa chuma wa gari, na kutia alama chini. Kutoka alama ile hupima hadi ncha moja ya ekseli, kisha hadi ncha ya pili, mahali pale pale. Vipimo viwili vikipishana zaidi ya milimita 3 hivi, huanza kutikisa kichwa. Kwanza hulegeza yu-bolti na kuchungulia senta bolti, ule msumari mfupi unaozishika springi zisiteleze juu ya kikalio chake. Mara nyingi huikuta imekatika, na ekseli iliyosemwa kwa miezi kumbe ilikuwa imeteleza tu. Bolti mpya, basi. Asipoikuta imekatika, vishikizo vya springi ndivyo vilivyochomelewa bila kupimwa, na huvikata bila huruma.

Kisha huinua magurudumu kwa jeki, akayazungusha huku chaki ikigusa katikati ya mpira, hata kila tairi likapata mstari wake mmoja mweupe. Huteremsha, akalisukuma trela mbele kidogo likae, na kupima kutoka mstari hadi mstari, mbele ya magurudumu na nyuma yake, kwa kimo cha hab. Namba mbili hizo ndizo zinazomtoa roho mteja wangu. Mpindo wa kuchomelea huurudisha kwa moto ule ule: hupasha doa dogo upande wa pili, mkabala na mshono, akaliacha lipoe lenyewe na kuvuta, akapima, akarudia. Akilazimika kuchomelea upya, huifunga ekseli kwenye boriti nene iliyonyooka na kushona vipande vifupi, huku na huku, akinywa chai katikati. Bomba lililopindwa na shimo au na mzigo haligusi kabisa. Hulitupa kwenye chuma chakavu, maana chuma kilichokwisha kuchoka hakina neno la kuaminiwa, na watoto watalala juu yake.

Kuanzia hapo trela hufuata gari kimya. Hakuna matatu inayokaa mbali. Hakuna harufu ya mpira Mtito, hakuna mazungumzo ya kama tairi litafika Voi. Watu wanafika kambini mchana, wamechoka kwa kukosa cha kulalamikia.

Kwa hiyo nawasihi nyote mliobaki mkiipenda ekseli hii: msipime, na mkipima msiandike. Na ikitokea mmeshindwa, fundi akainyoosha mkiwa kazini, bado lipo la kufanya. Baada ya kilomita mia za kwanza, nati za yu-bolti huwa zimelegea kidogo kwa sababu springi zimekaa mahali pake. Msizikaze. Senta bolti itakatika yenyewe, na mteja wangu atarudi kazini kabla ya likizo ijayo.