Kuvutwa na Wapinzani

Kamba ilikuwa fupi mno. Hilo linamuuma mwandishi wa makala haya kuliko baridi, kuliko hata vidole vilivyokufa ganzi ndani ya glavu za kuazima. Ingekuwa ndefu kidogo, watu waliokuwa nje ya vibanda vyao vya kuvulia samaki juu ya barafu ya ziwa Mille Lacs, huko Minnesota, wangedhani wanaona pikipiki mbili za theluji zinazofuatana kwa hiari. Kwa urefu ule kila mwenye macho alielewa: ya mbele inavuta, ya nyuma inavutwa, na nembo zao ni za kampuni zisizopikika chungu kimoja. Mwanamume mmoja alilaza fimbo yake ya kuvulia, akatoa simu, akapiga picha. Kisha akagonga mlango wa kibanda cha jirani ili na wengine wasikose.

Majina ya kampuni hizo hayatatajwa. Mwandishi anawaogopa mawakili kiasi, na shemeji yake sana.

Shemeji ni mzaliwa wa Kisii, na Minnesota ina Wakisii wengi kiasi kwamba harusi zao hujaza kumbi. Wengine wakifika huko hununua gari la familia na koti zito, basi. Yeye alinunua pikipiki ya theluji, na papo hapo akaingia ukoo. Ana jaketi la kampuni, kofia ya kampuni na kikombe cha kahawa cha kampuni. Gereji yake ina mashine mbili, zote za nembo ileile, na mgeni alikabidhiwa ile kuukuu pamoja na wosia: "Shem, hii haijawahi kunilaza njiani."

Kipimajoto kilisoma nyuzi 20 chini ya sifuri. Upepo ulikuwa umeifagia theluji yote juu ya ziwa, ukaacha barafu tupu inayong'aa hadi upeo wa macho, na kwa muda mfupi mwandishi alijiona mtu wa maana duniani. Ndipo taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi. Shemeji alirudi, akainama, akasoma, akatoa taarifa: injini imechemka. Mwandishi alikuwa na barafu kwenye kope. Mate yalikuwa yanaganda kwenye skafu. Naye anaambiwa tatizo la mashine ni joto.

Hapa inabidi kusimama kidogo, maana jambo lenyewe ni zuri kuliko aibu iliyoletwa nalo. Gari lina rejeta mbele na feni ya kuipuliza. Pikipiki nyingi za theluji za siku hizi hazina kitu hicho. Maji ya kupozea injini huzungushwa ndani ya vibamba vya alumini vilivyofichwa chini ya kiti, juu kidogo ya ule mnyororo mpana wa mpira wenye meno unaoisukuma mashine. Meno yakichimba theluji huirusha juu. Theluji inagonga vibamba, inayeyuka, inaondoka na joto. Theluji ndiyo barabara, na theluji hiyohiyo ndiyo rejeta. Si hilo tu. Mnyororo huteleza kwenye reli mbili zilizovikwa plastiki, na kinachoilainisha plastiki hiyo si grisi wala oili, ni theluji inayoingia katikati. Ipeleke mashine kwenye barafu tupu, ngumu, isiyo na vumbi, nawe umeinyima maji na mafuta kwa mpigo mmoja, hata kama wilaya nzima imeganda. Plastiki inalika na kunuka. Maji yanatokota. Dawa yake ni nyaya ngumu zenye springi zinazoburuzwa chini ya mashine, zikikwaruza barafu ili unga wake urushwe juu. Mashine ya shemeji ilikuwa nazo mbili, moja kwa kila upande. Ya kushoto ilikuwa imekatika tangu msimu uliopita.

Wakachota theluji kwa kofia ngumu kutoka kwenye fungu lililokusanywa na upepo, wakaishindilia chini ya mashine, wakangoja, wakaondoka tena. Haikufika mbali. Kulisikika mlio kama wa kofi, kisha injini ikaunguruma kwa nguvu zake zote huku mashine ikisimama taratibu.

Mkanda. Na hapa tena mwandishi anaomba radhi, kwa kuwa hajawahi kuona kitu kinachomvutia kiasi kile kikiwa kimekufa. Mashine hii haina giaboksi ya kubadilisha kwa mguu au mkono. Kati ya injini na mnyororo kuna puli mbili, kila moja ikiwa ni sahani mbili zilizotazamana, na mkanda wa mpira unaozizunguka. Injini ikienda polepole, sahani za puli ya kwanza zimeachana na mkanda umezama karibu na shafti. Injini ikichapuka, vyuma vizito vilivyofungwa kwenye puli hiyo hutanuka kwa nguvu ya mzunguko na kuzibana sahani, mkanda ukapanda ukingoni. Kwenye puli ya pili sahani zinalazimika kuachana, mkanda ukashuka. Ni gia zisizo na idadi, na zinazoziamua ni vyuma vizito na springi vinavyobishana. Uzuri huo humsahaulisha mtu kwamba nguvu yote ya injini, ambayo kwenye mashine kubwa za leo huzidi nguvu-farasi 150, inapita kwenye kipande cha mpira ambacho mtoto anaweza kukivaa shingoni. Kikipata moto kinateleza, kikiteleza kinazidi moto, na kikikatika kinatapika nyuzi kila upenyo chini ya boneti. Ndiyo maana kila mwendeshaji mwenye akili hubeba wa akiba. Shemeji aliubeba. Ulikuwa wa ile mashine yake nyingine, ya kampuni ileile, na haukuingia.

Aliyesimama kusaidia alikuwa mzee mmoja mpole, amekalia mashine ya wapinzani. Hakucheka. Alisema tu, huku akifungua begi, kwamba kamba hii hutembea nayo kwa ajili ya watu wenye mashine kama hiyo. Shemeji alinong'ona kwa Kiswahili kwamba waseme hapana, watembee. Mille Lacs ina zaidi ya kilomita za mraba 500 na ufuko haukuonekana. Na ile mashine yake nzima je, haiwezi kuvuta? Inaweza, lakini kamba ni ya mzee, na mzee alishaifunga. Shabiki wa Simba aliyewahi kurudishwa nyumbani ndani ya basi la Yanga, huku akipungiwa mikono njia nzima, hahitaji maelezo zaidi.

Usiku kesi ilisikilizwa mezani, na mashine haikuwa miongoni mwa washtakiwa. Mshtakiwa wa kwanza alikuwa ziwa, kwa kukosa theluji. Wa pili petroli, kwa kuchanganywa na ethanoli. Wa tatu baridi. Wa nne mgeni, ambaye ilidaiwa "ana kidole kizito". Mgeni alifuata mgongo wa mwenyeji wake mwanzo hadi mwisho, kwa mwendo wa mwenyeji wake, na hukumu hii anaikatia rufaa hapa mbele ya wasomaji.

Kinachochekesha katika uadui wa wapanda theluji ni kwamba nusu yake ina baba mmoja. Kampuni ya Polaris ilizaliwa Roseau, Minnesota, kijiweni kwa mafundi wa mashine za shamba: Edgar Hetteen, ndugu yake Allan, na David Johnson. Katikati ya miaka ya 1950, Edgar akiwa safarini, Johnson aliunganisha kifaa cha kuwafikisha kwenye kambi ya uwindaji bila kutembea. Ski zake zilichongwa kutoka bampa la Chevrolet, na mnyororo ulitokana na mtambo wa kupandishia nafaka ghalani. Edgar aliporudi hakupendezwa. Fedha zilikuwa haba na vijana wanachezea vyuma. Kifaa kikauzwa. Kingine kikatengenezwa. Mwaka 1960 Edgar mwenyewe aliendesha mashine zao ndani ya Alaska, kutoka Bethel hadi Fairbanks, zaidi ya kilomita 1,600, ili dunia iamini kwamba haziwaachi watu njiani. Aliporudi alikuta wenye hisa wamenuna. Akaondoka, akaenda Thief River Falls, mwendo usiotimia saa mbili kwa gari, akaanzisha kampuni iliyokuja kuwa Arctic Cat. Wajukuu wa mashabiki wa pande hizo mbili mpaka leo wanakaa meza tofauti kwenye vilabu vya njiani, na wote wanamshukuru mtu yuleyule.

Matumboni ndiko kuna aibu zaidi. Kwa miongo kadhaa injini za Arctic Cat zilitoka Suzuki. Za Polaris zilitoka Fuji Heavy Industries, ambao ni walewale wenye Subaru. Ski-Doo ya Kanada husukumwa na Rotax, injini za Austria. Yamaha, ambayo wapenzi wake walijivuna kwa uimara wa injini zake za mipigo minne, kuanzia mashine za mwaka 2014 iliundiwa baadhi yake na Arctic Cat, nayo Arctic Cat ikachukua injini kutoka Yamaha. Mtu anaweza kumtukana jirani kwa mashine mbovu asijue kwamba anautukana moyo wa mashine yake mwenyewe.

Ukiwauliza ushahidi, kila upande una mtakatifu wake. Wa Ski-Doo watamtaja Ralph Plaisted, muuza bima wa Minnesota, aliyefika Ncha ya Kaskazini mwaka 1968 na wenzake juu ya mashine hizo, ndege ya jeshi la Marekani ikathibitisha kwamba kweli wamefika. Wa Arctic Cat watakutajia Iron Dog, mbio za Alaska zinazozidi kilomita 3,000, na Todd Palin aliyezishinda mara 4. Mtu akisafiri hadi Ncha ya Kaskazini, hiyo ni habari ya ubora. Mashine yako ikilala Mille Lacs, hiyo ni bahati mbaya.

Mwandishi angeishia kwenye kicheko, lakini suala la mashine kutomwacha mtu njiani halikuanza kama mzaha. Januari 1934, huko Valcourt, Quebec, Joseph-Armand Bombardier alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka 2, Yvon, aliyeugua tumbo. Barabara zilikuwa zimefunikwa na theluji na hospitali ilikuwa mbali. Fundi huyo alikuwa na mashine aliyokuwa akiijaribu, lakini haikuwa tayari kusafiri. Mtoto akafa. Mwaka 1937 Bombardier alipata hataza ya mfumo wake wa gurudumu la meno na mnyororo, na magari yake ya kwanza ya theluji yakabeba wagonjwa, barua na watoto wa shule. Ski-Doo, ile ndogo ya kupandwa kama pikipiki, haikuja hadi 1959. Huko kaskazini kukwama bado si utani. Simu hupoteza mtandao, giza huingia saa kumi na moja jioni, na aliyekwama anategemea apite mtu. Mtu yeyote, wa nembo yoyote.

Ndiyo maana mazoea haya ya kuikinga kampuni yanaudhi. Mashine mpya yenye nguvu bei yake hupita dola 15,000. Ikifa, mwenye kiwanda hana haja ya kujieleza, kwa kuwa mnunuzi ameshasimama kumtetea bure: ziwa, petroli, baridi, mgeni kutoka Dar es Salaam. Na kampuni zenyewe? Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watengenezaji walizidi 100, John Deere na Harley-Davidson wakiwemo. Karibu wote walifunga, wakawaachia wapenzi wao vyuma visivyo na vipuri. Mwaka 2023 Yamaha, iliyoanza kuuza mashine hizi 1968, ilitangaza kwamba inaondoka. Amerika Kaskazini mashine zake za mwisho zilikuwa za mwaka 2025. Mwishoni mwa 2024 Textron, iliyoinunua Arctic Cat mwaka 2017, ilitangaza kusimamisha uzalishaji, na Thief River Falls, mji uliokula mkate wa kiwanda hicho kwa miongo sita, ukabaki unasubiri hadi kampuni ilipopata mnunuzi mwaka uliofuata. Watu waliochora nembo ya Arctic Cat kwenye mikono yao kwa wino usiofutika hawakuulizwa.

Yaliyobaki katika likizo ile hayana uzito. Plagi zililowa. Mwandishi alizama kwenye theluji hadi kiunoni akiwa amesimama tu. Picha ya mtu wa kibanda ilizunguka kwenye kundi la WhatsApp la Wakenya wa Brooklyn Park, ikiwa na maelezo.

Shemeji hakuyumba. Majira ya machipuko kampuni hufungua maagizo ya msimu ujao, mteja akitoa kianzio kwa mashine ambayo haijaundwa bado, na kwa imani hiyo huongezewa muda wa waranti. Yeye alilipa wiki ya kwanza: nembo ileile, injini kubwa zaidi, kiti chenye joto. Mwandishi aliomba kuona karatasi ya maagizo na kuisoma hadi chini, kwenye herufi ndogo. Nyaya za kukwaruza barafu zimo. Mkanda wa akiba unauzwa kando.